Asidi ya uriki imejaa tele mkojoni: ni kipimo gani kitafaa Juba?

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kote kwa hofu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena, safari hii kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Joto la namna hiyo huwafikia watu hadi kwenye figo. Mtu anayetoka jasho kutwa, na maji ya kunywa ananunua kwa jerikeni, hukojoa kidogo, na mkojo wenyewe huwa mzito, wa rangi ya chai, wenye asidi nyingi. Humo ndimo asidi ya uriki hushindwa kuendelea kuyeyuka.

Asidi hii ni taka ya mwisho ya purini. Purini hutoka kwenye nyama, kwenye pombe na kwenye seli za mwili zinazokufa kila siku. Wanyama wengi wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi kinachoivunja na kuifanya alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi. Binadamu hana, alikipoteza zamani sana katika ukoo wake. Kwa hiyo kila siku figo zetu hutoa kati ya miligramu 250 na 750 za asidi ya uriki, na usalama wetu unategemea maji na pH. Mkojo wenye pH 5 unaweza kuyeyusha karibu miligramu 150 tu kwa lita. Ukifika pH 7, uwezo huo hupita miligramu 1,500. Mtu anayekojoa nusu lita kwa siku nzima, mkojo ukiwa na pH 5, ana asidi nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kubeba, na hapo jiwe huanza. Wataalamu wa mfumo wa mkojo huchora kwenye ramani ukanda wa mawe unaoanzia Sudan na Misri, ukapita Uarabuni, Iran, Pakistan na India hadi kusini-mashariki mwa Asia. Juba ipo kwenye ukingo wa kusini wa ukanda huo.

Njia za kupima asidi ya uriki kwa elektrokemia zimeandikwa kwa wingi kiasi kwamba mtu anaweza kusoma mwaka mzima asizimalize. Kila mwezi hutoka elektrodi mpya: ya dhahabu ya nano, ya grafini, ya mirija ya kaboni, na kila moja hujisifu kwamba inaona kiasi kidogo kuliko iliyotangulia. Nikizitazama zote kwa macho ya mtaalamu wa maabara wa Juba, naona juhudi nyingi zimeelekezwa mahali ambapo hapana shida. Mkojoni asidi ya uriki ni tele. Kinacholeta taabu ni vitu vinavyokaa nayo, jinsi sampuli inavyotunzwa, na joto la meza inapopimwa.

Tuanze na nani anayehitaji kipimo chenyewe, maana wengi hawakihitaji. Mgonjwa wa jongo kwa kawaida hupimwa damu, na allopurinol, dawa iliyotoka mikononi mwa Gertrude Elion na George Hitchings katika miaka ya 1960, huanzishwa bila mkojo kuguswa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza pirazinamidi huongezeka asidi ya uriki katika damu kwa sababu dawa hiyo huizuia figo kuitoa. Viungo vikimuuma, daktari anajua chanzo bila kusubiri maabara. Hata kwa mwenye jiwe, jambo la kwanza ni karatasi ya pH na swali la anakunywa maji kiasi gani. Karatasi hiyo ni rahisi kupita kipimo chochote nitakachokitaja hapa, na ningependa kila zahanati iwe nayo kabla ya kufikiria elektrodi.

Wanaobaki ni mgonjwa anayerudiwa na mawe licha ya kunywa maji, ambaye lazima ijulikane kama mwili wake unazalisha asidi kupita kiasi, na mtoto mwenye limfoma ya Burkitt. Huyu wa pili ndiye anayenifanya nilitilie jambo hili uzito. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, na mpaka leo huwapata watoto wa ukanda wetu wenye malaria nyingi, Sudan Kusini ikiwemo. Uvimbe wake hukua haraka mno, na huitikia dawa haraka vilevile. Siku za mwanzo za matibabu seli hufa kwa mamilioni, purini zake hugeuka asidi ya uriki kwa mkupuo, na asidi hiyo inaweza kuziba vijifereji vya figo mtoto akaacha kukojoa huku uvimbe ukiwa unayeyuka vizuri. Daktari anayemtibu, awe Juba au kusini zaidi katika Hospitali ya Lacor iliyoko Gulu, au katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, anahitaji namba siku hiyohiyo. Namba ya juma lijalo haimsaidii kitu.

Kemia yenyewe ni rahisi kueleza. Asidi ya uriki, ambayo Carl Wilhelm Scheele aliigundua mwaka 1776 ndani ya mawe ya kibofu, hukubali kupokonywa elektroni. Ukichovya kijiti cha kaboni kwenye mmumunyo wake wenye pH 7 na kupandisha volti polepole, ikifika karibu volti 0.3 hadi 0.4 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, kila molekuli huachia elektroni mbili na protoni mbili. Mkondo wa umeme hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka kwa sababu molekuli zilizo jirani na kaboni zimekwisha. Urefu wa kilele hicho ndio kipimo. Msingi wake uliwekwa na Jaroslav Heyrovský mjini Prague mwaka 1922 kwa elektrodi ya zebaki, kazi iliyompa Nobeli mwaka 1959. Siku hizi volti hupandishwa kwa vidato vyenye mapigo madogo, na mkondo husomwa kabla ya kila pigo na mwishoni mwake ili kelele za umeme zijifute zenyewe. Njia hiyo ya mapigo ndiyo ningeichagua, kwa kuwa kilele chake huwa chembamba na wazi.

Lakini kaboni haina macho. Kitu chochote kinachoachia elektroni kwenye volti hizo kitahesabiwa kana kwamba ni asidi ya uriki. Cha kwanza ni vitamini C. Maembe yanapokolea Juba, miti ya kando ya Nile huwalisha watu wazima na watoto, na mwili ukishapata vitamini C ya kutosha, figo humwaga inayozidi. Anayemeza vidonge vyake vya gramu moja humwaga zaidi. Kwenye kaboni isiyoandaliwa, kilele cha vitamini C hutanuka na kukigusa kile cha asidi ya uriki hadi vikawa mlima mmoja.

Cha pili ni parasetamoli, ambayo humezwa kwa homa ya malaria, kwa kichwa, kwa mgongo, kwa kila kitu. Nayo huachia elektroni karibu na volti 0.4. Hapa hesabu inatuliza moyo kidogo. Gramu moja ya parasetamoli ni milimoli 6.6, lakini ini hufunga sehemu kubwa yake kwa sukari au salfeti, na ikishafungwa haionekani tena kwenye volti hizo. Hutoka ikiwa nzima asilimia 5 hivi, yaani milimoli 0.33. Asidi ya uriki ya siku nzima ni kati ya milimoli 1.5 na 4.5. Kosa litakuwa asilimia 10 au 20, si maradufu. Kwa mgonjwa aliyemeza gramu tatu au nne siku hiyo, kosa hilo huongezeka mara tatu au nne, na linatosha kumpeleka daktari njia isiyo yake.

Dawa ya taabu hii imejulikana muda mrefu, na ni nafuu. Jyh-Myng Zen na wenzake wa Taiwan walionyesha kwamba elektrodi ya kaboni iliyochapwa kwenye plastiki, ikipewa kwanza volti kubwa kwa muda mfupi ndani ya bafa (mmumunyo unaoshikilia pH), hubadilika uso: oksijeni hujishika kwenye kaboni, na kilele cha vitamini C husogea mbali na cha asidi ya uriki. Hakuna dhahabu, hakuna grafini. Kinachotumika ni umeme ule uliomo tayari ndani ya kifaa. Katika Afrika Mashariki nako kuna watu wenye ujuzi huo. Mwaka 2012 Meareg Amare na Shimelis Admassie wa Addis Ababa walichapisha njia ya kupima kafeini ya kahawa kwa elektrodi ya kaboni iliyopakwa polima, na ustadi wa kuandaa uso wa namna ile ndio huohuo unaotakiwa kwa mkojo. Juba ikitafuta mwalimu wa kazi hii, haina haja ya kuvuka bahari.

Hatua ya pili ndiyo ninayoiamini kuliko zote: kupima mara mbili. Gawa sampuli iliyozimuliwa katika vichupa viwili, kimoja kitie yurikesi, subiri dakika chache, kisha pima vyote. Kimeng'enya kitakuwa kimekula asidi ya uriki na kuacha vitamini C na parasetamoli kama zilivyokuwa. Tofauti ya vilele viwili ni asidi ya uriki peke yake. Peroksidi ya haidrojeni inayozalishwa njiani haisumbui, kwa sababu kaboni huhitaji volti kubwa zaidi kuiona. Uwezo wa hila hii ulidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati watafiti waliochomeka elektrodi za kaboni kwenye ubongo wa panya walipoona kilele ambacho wengi walidhani kinatokana na mabaki ya serotonini. Walipodunga yurikesi, kilele kikatoweka. Kumbe walikuwa wakipima asidi ya uriki.

Nirudi kwenye wingi wake. Mkojo wa kawaida una milimoli 1 hadi 4 za asidi ya uriki kwa lita. Elektrodi ya kaboni ya kawaida, bila pambo lolote, huona hadi mikromoli 1 hivi. Elektrodi inayoona nanomoli 1 imejengwa kuona kiasi kilicho mara milioni tatu chini ya kilichomo kichupani. Kwenye jasho, ambako asidi hii ni mikromoli makumi machache, hisia kali zina maana, na sensa ya kubandika ngozini iliyotolewa mwaka 2020 na maabara ya Wei Gao huko California ni kazi ya kuheshimiwa. Kwa mkojo wingi huo ni baraka ambayo wengi hawaitumii: unaturuhusu kuzimua.

Chukua mikrolita 100 za mkojo, ongeza bafa ya fosfeti yenye pH 7 na kloridi ya potasiamu hadi mililita 10. Asidi ya uriki inabaki mikromoli 10 hadi 40, inasomeka vizuri, na taabu tatu zimeondoka kwa pamoja. Mashapo yaliyokuwa yakikaribia kuganda yanabaki yameyeyuka. Protini na uchafu unaogandamana na elektrodi umepungua mara 100. Ya tatu husahaulika sana: elektrodi ya fedha iliyochapwa kwenye vijiti vya bei nafuu hupata volti yake kutokana na kloridi iliyo kwenye mmumunyo, na kloridi ikibadilika mara kumi, volti husogea milivolti 59. Mkojo wa mtu aliyetoka jasho jingi na wa yule aliyekula chumvi nyingi hutofautiana mno kwa kloridi. Ukiwa umeweka kloridi yako mwenyewe kwenye bafa, wagonjwa wote husomwa kwa rula moja. Chumvi za bafa ni unga mkavu usioharibika kwa joto. Zinaweza kupimwa mapema na kufungwa katika pakiti ndogondogo, zikasubiri maji safi. Maji ya boza yaliyotoka mtoni hayafai kwa kazi hii. Lazima yawe yaliyotoneshwa.

Kabla ya kuzimua, lakini, kuna chupa. Hapa ndipo kipimo kizuri huharibikia, na kwa bahati mbaya machapisho mengi hupapita haraka. Iache chupa ya mkojo mzito mezani saa chache na chini yake utaona vumbi la rangi ya tofali la kuchoma. Vumbi hilo ni asidi ya uriki na chumvi zake. Mtaalamu akichota maji ya juu bila kutikisa, atapima kilichobaki na kuandika namba ndogo kwa mgonjwa mwenye asidi nyingi kuliko wote. Friji, ambayo tumezoea kuiona kama mlinzi wa sampuli, huongeza mashapo. Chupa yenye asidi ya haidrokloriki, inayotumika kwa kipimo cha kalsiamu, huigandisha karibu yote. Kinachotakiwa ni kinyume: sodiamu haidroksidi kidogo ndani ya chupa tangu mwanzo ili mkojo usiwe na asidi, na kama vumbi limeshatuama, kupasha chupa hadi nyuzi 60 kwa dakika kumi na kuitikisa ndipo uchote. Mtungi wa maji ya moto na kipimajoto vinatosha.

Joto la chumba nalo lina sauti yake. Mkondo wa elektrodi hutegemea kasi ya molekuli kusafiri kwenye maji, na kasi hiyo huongezeka kadiri maji yanavyopata moto, kiasi kwamba kilele hupanda takriban asilimia 1 hadi 2 kwa kila nyuzi moja. Kiwango sanifu kilichosomwa Nairobi kwenye nyuzi 25, kikitumiwa Juba mchana wa Machi kwenye nyuzi 38, kitaongeza jibu kwa asilimia 13 au zaidi bila mtu kukosea chochote. Ndiyo maana siamini kifaa chenye kiwango kilichoandikwa kiwandani. Mmumunyo sanifu usomwe kwenye meza ileile, saa ileile, na mgonjwa. Kuutengeneza kuna ufundi wake, maana unga wa asidi ya uriki hukataa kuyeyuka kwenye maji matupu. Huyeyushwa kwanza kwa litiamu kaboneti kidogo, kisha huzimuliwa.

Je, vile vijiti vya kimeng'enya vinavyouzwa tayari, vinavyofanana na vya mashine ya sukari? Ukoo wake ni wa heshima, ukianzia kwa Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962, na mashine ya kwanza ya sukari ya aina hiyo iliingia madukani mwaka 1987. Lakini vimetengenezwa kwa tone la damu, kwa viwango vya damu, na vingi huelekezwa vitunzwe chini ya nyuzi 30. Shehena ya Juba hutoka Mombasa, hupita Kampala na kuvuka mpaka Nimule, ndani ya kontena la chuma. Sioni namna ambavyo kimeng'enya kilichokauka kwenye kijiti kitamaliza safari hiyo bila kudhoofika, na mnunuzi hataona alama yoyote kwa nje. Kaboni tupu haina cha kudhoofika. Yurikesi ya kupimia mara mbili inaweza kukaa katika friji moja ndogo. Na ikidhoofika, kichupa cha mmumunyo sanifu kitaonyesha kosa papo hapo kwa sababu kilele chake hakitazimika.

Mashine ya kubadilisha volti na kusoma mkondo si kikwazo tena. Mwaka 2011 watafiti wa Santa Barbara, California, walichapisha michoro yote ya CheapStat, kifaa ambacho mtu anaweza kukiunda mwenyewe kwa chini ya dola 80. Miaka miwili kabla yake Wijitar Dungchai, Orawon Chailapakul na Charles Henry walikuwa wamekwisha kupima sukari, lakteti na asidi ya uriki kwa elektrodi zilizochapwa juu ya karatasi ya chujio. Vifaa vya namna hii hula umeme wa betri. Juba ilipata mtambo wa mafuta wa megawati 33 mwaka 2019, na bado jenereta ndizo zinazosikika mitaa mingi; mashine ya kromatografia, ambayo ndiyo hakimu mkuu wa kipimo hiki popote duniani, haivumilii umeme unaokatika katikati ya kazi, wala bei ya vimiminika vyake haivumiliki. Kipimo cha rangi cha yurikesi na peroksidesi ni kizuri pale ambapo vitendanishi vyake vinaweza kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kukatika. Hospitali yenye uhakika huo iendelee nacho, haina sababu ya kuhama.

Panapobaki pengo ni kwenye namba ya kugawia. Kipimo cha saa 24 kinamtaka mgonjwa akusanye kila tone mchana na usiku, jambo gumu kwa familia ya mitaa ya Juba kama Munuki au Gudele inayotumia choo kimoja na majirani, na halifikiriki kwa mtoto mahututi. Njia ya mkato ni kuchukua mkojo wa mara moja na kugawa asidi ya uriki kwa kreatinini, ambayo mwili huitoa kwa kasi inayokaribia kuwa thabiti. Uwiano ukipita 1, figo zikiwa zimeacha kufanya kazi ghafla, daktari hushuku kwamba asidi ya uriki ndiyo iliyoziba. Kwa mtoto uwiano wa kawaida huwa juu kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo inafaa upimwe kabla ya dozi ya kwanza, halafu kila siku baada yake, mtoto alinganishwe na nafsi yake. Peter Simkin na wenzake walipendekeza mwaka 1979 hesabu nyingine inayoingiza kreatinini ya damu pia, nayo ni bora kwa mwenye mawe.

Kreatinini, lakini, haiachii elektroni kwa urahisi kwenye kaboni. Elektrodi zake ama zinategemea vimeng'enya vitatu vinavyofuatana, kila kimoja na udhaifu wake mbele ya joto, ama zinategemea shaba inayoshikana nayo, na hizo bado hazijatulia kwa mkojo wa wagonjwa halisi. Laiti nusu ya bidii iliyomwagwa kwenye nanomoli za asidi ya uriki ingeelekezwa huku. Hadi hapo, maabara ya Juba itakayotaka uwiano huo itasoma asidi ya uriki kwa kaboni, na kreatinini kwa rangi ya asidi ya pikriki aliyoieleza Max Jaffe mwaka 1886: vifaa viwili kwenye meza moja, sampuli moja iliyotikiswa vizuri, na jibu kabla ya dozi ya jioni.